Upindo wa Joho

Nilipunguza upindo wa joho vidole vinne, kwa nia njema kabisa, na kwa vidole hivyo vinne nilikaribia kumuua mtu niliyemvalisha kwa miaka ishirini na sita.

Kazi yangu ni kuvalisha waigizaji. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani mtu mzima hahitaji kuvalishwa. Hawajui kwamba kuna michezo ambayo mtu anatoka jukwaani akiwa ombaomba na baada ya sekunde arobaini anarudi akiwa mfalme, na katika sekunde hizo kuna mtu gizani, pini mdomoni, anamfungua vifungo kumi na viwili. Mtu huyo ni mimi. Kwa sababu ya sindano ninazochomeka kwenye ukosi wa blauzi, pale ukumbini wote waliniita Sindano, na aliyeanzisha jina hilo ni Jemadari.

Jemadari nalo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwenye filamu yake ya kwanza, alipoigiza jemadari anayekataa kuwapiga risasi watu wake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa akipanga barua posta. Baada ya filamu ile hakuweza tena kuvuka barabara bila mtu kumpigia saluti. Askari wa trafiki walimpigia saluti. Hata daktari wa meno, alinisimulia, alimpigia saluti akiwa na koleo mkononi, naye akashindwa kucheka kwa sababu mdomo ulikuwa wazi.

Alicheza filamu kumi na tisa. Alicheza tamthilia ya televisheni iliyowafanya watu wakimbilie nyumbani kila Jumanne. Tuzo zake zilijaa kabatini, moja ikabaki sakafuni ikizuia mlango usijifunge. Lakini kila mwaka, hata wakimwita wapi, lazima angerudi jukwaani angalau mara moja.

"Kamera inakuvumilia, Sindano," alikuwa akiniambia. "Ukikosea wanasema kata, mnaanza upya. Jukwaa halina kata."

Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo. Baadaye maneno hayo yakawa yananifuata hadi kitandani.

Miaka mitatu kabla ya lile joho, niliingia chumbani kwake pale ukumbini nimevaa viatu vya raba visivyo na sauti, nikamkuta anaongea.

"Sindano, mbona umenuna leo? Nimekukosea nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, kisha nikaona kwamba hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaongea na koti. Nilikuwa nimelitundika koti la kijani karibu na dirisha, na kofia yake juu, na yeye alikuwa amelielekezea uso akisubiri limjibu.

"Haya, nuna," akaliambia koti. "Mimi sibembelezi."

Nikasema taratibu, "Mzee, niko hapa mlangoni."

Aligeuka kwa ghafla hadi akaangusha kopo la poda. Poda ikasambaa sakafuni, na hakuna kati yetu aliyeinama kuizoa.

Ndipo akaniambia. Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa amechelewa kwenda kwa daktari kwa sababu alikuwa katikati ya filamu, kisha nyingine ikafuata. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika kabisa. La kulia lilibaki na mwanga na kivuli, kama mtu anayetazama nje kupitia karatasi iliyopakwa mafuta. Akiwa chini ya taa za jukwaa hata kivuli kilipotea; ulibaki weupe mtupu.

"Apa kwamba hutamwambia mtu," akasema.

"Mzee, unajua mimi siapi ovyo."

"Ndiyo maana nataka uape wewe."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu, nimeinua mkono, kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata binti yake. Hasa binti yake. Binti huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni katika mji mwingine, mtu wa kengele na ratiba, na tangu mama yake afariki alikuwa amemtayarishia baba yake chumba.

"Chumba kizuri, anasema, kina dirisha kubwa," Jemadari aliniambia. "Sasa mimi dirisha la nini?"

Tulicheka sote wawili. Kuanzia siku ile sikupata tena amani.

Mwaka ule ndio nilikuwa namaliza madarasa ya jioni ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilianza nikiwa na miaka arobaini na tisa, dawati moja na dereva wa lori na mama mmoja muuza mboga, na nilimshukuru Mungu kwa kuniwahisha, kwa sababu sasa ni mimi niliyekuwa namsomea Jemadari skripti. Nilisoma polepole, kidole juu ya mstari. Yeye alishika upesi kuliko nilivyosoma. Asubuhi, kabla wenzetu hawajafika, tulipanda jukwaani peke yetu, akanishika kiwiko, tukahesabu. Mlangoni hadi kiti, hatua saba. Kitini hadi ngazi, nne na nusu. Akishahesabu mara tatu hakusahau tena. Watu walipokuja walimkuta anatembea kama mtu mwenye nyumba yake.

Hakuna aliyeshuku. Mtu mkubwa akichelewa kukupa mkono, wewe ndiye unayeona haya. Akikupita bila salamu, unasema yuko kwenye mawazo ya kazi. Gazeti moja liliandika kwamba macho ya Jemadari yanatazama mbali kuliko sisi wengine. Nilimsomea. Alicheka hadi akakohoa, kisha akaniomba nikunje gazeti.

Kila siku ya onyesho nilikuwa na sala moja tu, fupi, ya kusema nyuma ya pazia: Mungu, mrudishe. Sikuomba sifa wala makofi. Niliomba arudi kwa miguu yake.

Kisha akaja mwongozaji mpya na mchezo wa jaji.

Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana, mwenye akili nyingi na usingizi kidogo. Mchezo wenyewe ulimhusu jaji mzee aliyewahi kumhukumu kifo mtu asiye na hatia, na mwishoni anashuka kutoka kiti chake cha hukumu kwenda kusimama juu ya kaburi la mtu huyo. Wengine wangechora kaburi kwa taa. Yeye alitaka shimo.

Shimo lilikuwepo. Ukumbi wetu ni wa zamani, na katikati ya jukwaa kuna kifuniko cha mbao kinachoteleza chini ya sakafu kwa mota. Chini yake ni chumba cha mitambo, chenye kina cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, na sakafu yake ni saruji. Kwa miaka mingi kifuniko kile hakikufunguliwa. Mwongozaji alileta fundi, wakakitia mafuta, kikateleza bila sauti kama droo mpya.

"Na hakuna mapumziko," akatangaza. "Saa moja na dakika ishirini, moja kwa moja. Jaji haondoki jukwaani hata mara moja. Na sakafu iwe uchi, sitaki alama wala utepe."

Nilimtazama Jemadari. Alikuwa anatabasamu kwa heshima, uso wake umeelekea kidogo pembeni ya mahali alipokuwa mwongozaji.

Asubuhi iliyofuata tulihesabu. Kutoka ngazi ya mwisho ya kiti cha jaji hadi ukingo wa shimo, hatua tisa. Alifanya mazoezi na joho tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alitaka kuuzoea uzito wake. Nilikuwa nimelishona kwa sufu nyeusi, refu, na lilimpiga vidoleni kila alipoinua mguu, kwa hiyo hatua zake zilikuwa fupi, za mzee. Tisa fupi, kisha anasimama, ncha za viatu ziko ukingoni kabisa. Aliniambia kwamba hapo husikia pumzi ya baridi ikimpanda usoni kutoka chini, na hapo ndipo anajua amefika. Lakini pumzi ile huisikia akiwa amekwisha kusimama. Haiwezi kumsimamisha.

Siku ya kwanza alipofanya hivyo shimo likiwa wazi, mwongozaji alipiga kelele za furaha.

"Mmeona? Hata hatazami chini!"

Wenzetu wakapiga makofi. Mimi nilikwenda msalani nikatapika.

Siku moja nilibandika utepe wa kitambaa ukingoni, mweusi, mwembamba, ili kiatu chake kiuhisi. Kesho yake haukuwepo. Seremala alikuwa ameubandua akidhani ni uchafu. Nikabandika mwingine, mwongozaji akauona mwenyewe, akauliza ni nani anayemchezea. Sikubandika wa tatu.

Ijumaa, kwenye zoezi la mwisho, Jemadari alipokuwa anashuka ngazi alikanyaga upindo wa joho. Aliyumba. Mkono wake ulitafuta kishikio, ukakikosa, ukakipata. Wote walidhani ni uigizaji. Mimi nilishika pazia kwa meno.

Nikajiambia, ataanguka hapo. Si shimoni, ni hapo ngazini.

Jumamosi nilifika ukumbini saa mbili asubuhi. Nilipiga magoti kwenye chumba cha mavazi, kati ya kanzu na makoti, nikaomba mikono yangu iongozwe. Kisha nikafumua upindo wote, nikaupandisha vidole vinne, nikaushona kwa mishono midogo, nikaupiga pasi. Nilipomaliza nilimshukuru Mungu kwa kunionyesha hatari mapema. Nilishukuru kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Sikumwambia Jemadari. Nani humwambia mtu habari za upindo?

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri. Saa nane na nusu binti yake alichungulia mlangoni. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Shikamoo, shangazi. Anakula vizuri huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Anakula."

"Sikumuuliza yeye kwa sababu atanidanganya. Baba, nimekaa mstari wa pili, katikati. Nikikupungia mkono usijifanye hunioni."

"Nikikupungia na mimi watanifukuza kazi," Jemadari akajibu, na binti akaondoka anacheka.

Nikamvalisha joho. Akainua mabega, akalitikisa.

"Leo jepesi."

"Nimelipiga pasi, mzee," nikasema.

Hayo tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mengine manne, na sikuyasema.

Mchezo ulianza vizuri. Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Jaji anaingia kwa mlango wa nyuma na kutembea hadi kwenye meza ya mahakama, hatua kumi na mbili. Mimi nilikuwa kando, nyuma ya pazia la kulia, nikihesabu pamoja naye kwa midomo kama kawaida yangu. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Paja lake likagonga kona ya meza.

Ulikuwa mlio wa mbao, mzito. Niliona maumivu yakimpita usoni. Kisha akaweka kiganja juu ya meza, akainua kichwa, akanguruma, "Nani amesogeza meza yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Maneno hayo hayakuwemo kwenye skripti.

"Mzee kaongeza chumvi!" alininong'oneza kijana aliyecheza karani wa mahakama. Tulimwita Redio, kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, saa sita mchana kila mtu anayo.

Mimi sikucheka. Meza haikusogezwa. Ilikuwa imepigiliwa misumari. Nilitazama miguu ya Jemadari, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika wiki sita za mazoezi: viatu vyote viwili, vizima, hadi kamba. Joho halikuwa likimpiga vidoleni tena. Hakuna kilichokuwa kinamzuia. Alikuwa anapiga hatua za mtu huru.

Nilifanya hesabu kiganjani, kama tulivyofundishwa jioni zile, kidole kwa kidole. Kila hatua imeongezeka kama vidole vitatu. Vitatu mara tisa ni ishirini na saba. Vidole ishirini na saba ni karibu hatua nzima, na yeye husimama ukingoni kabisa. Hatua ya tisa ingekuwa hewani.

Nilirudia hesabu mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Jaji haondoki jukwaani hata mara moja. Mwongozaji alitaka hivyo. Sikuwa na njia ya kumfikia, ila Redio, ambaye karibu na mwisho wa mchezo angeingia kumpa jaji karatasi ya hukumu. Nilimvuta mkono.

"Mwanangu, ukimpelekea ile karatasi, mnong'oneze neno moja. Mwambie: nane."

"Nane nini?"

"Nane tu. Ataelewa."

"Mama Sindano, umekunywa nini leo?"

"Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Sikiliza. Yule jamaa aliyemnong'oneza Jemadari jukwaani mwaka juzi, unajua yuko wapi? Anauza ndoo za plastiki. Mimi sitaki ndoo." Akanyoosha ukosi wake. "Mwandikie barua."

Zamu yake ilipofika akaingia. Nilimtazama akitoa karatasi, nikatazama midomo yake. Alirudi jasho linamtoka.

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini! Kanikazia macho vile vile, nimesahau hata mstari wangu mwenyewe."

Nilisimama kati ya mapazia mawili nikaomba. Nilimwambia Mungu: kiapo ni chako na mtu ni wako, nionyeshe nivunje kipi. Sikusikia kitu. Nilisikia tu sauti ya Jemadari ikisema mistari niliyomsomea mimi mwenyewe jikoni kwake, na kwa mistari ile nikajua zimebaki kama dakika nne.

Miguu yangu ikaenda. Siwezi kusema niliamua.

Msimamizi wa jukwaa alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Mama Saa. Alikaa kwenye stuli ndefu upande wa pili, hedifoni masikioni, kitabu cha maelekezo magotini na penseli mkononi, na bila neno lake hakuna taa iliyowaka wala pazia lililosogea. Kumsemesha wakati wa onyesho ilikuwa kama kumsemesha daktari ameshika kisu. Nilizunguka nyuma ya jukwaa, nikamgusa bega.

"Ondoka," akanong'ona bila kugeuka.

"Usifungue shimo."

"Sindano, ondoka kabla sijakuandika."

"Ataanguka. Nimepunguza joho, hatua zimekuwa ndefu. Anahesabu tisa, ya tisa itampeleka ndani."

"Anahesabu nini? Ana macho."

"Hana."

Akageuka.

"Haoni," nikasema, na nilisikia kiapo changu kikivunjika kama kitu kilicho mdomoni mwangu. "Jemadari haoni. Mwaka wa tatu huu. Anahesabu hatua, mimi ndiye ninayemhesabia."

"Leo asubuhi kanikonyeza."

"Amekonyeza sauti yako."

Mama Saa alimtazama Jemadari jukwaani. Nilimwona akirudisha kumbukumbu moja moja: mkono uliochelewa, kikombe alichokipapasa, ile siku alipomsalimia fundi wa taa kwa jina la fundi mwingine. Lakini wakati huo huo muda ulikuwa umefika. Mvua ya kwenye kinasa sauti ilianza kunyesha, jaji akasimama kitini, na mdomo wa Mama Saa, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, ukasema kwenye hedifoni, "Shimo, nenda."

Kifuniko kikaanza kuteleza.

Jemadari akashuka ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mguu wake ukagusa sakafu.

"Funga," akasema Mama Saa.

Sijui mafundi wa mota walimjibu nini kutoka chini. Nilimwona tu akishika maiki ya hedifoni kwa mikono miwili.

"Nimesema funga! Najua imeandikwaje. Funga!"

Moja. Mbili. Tatu. Shimo lilikuwa wazi nusu, jeusi. Kifuniko kilisimama pale pale kama kinachofikiri. Nne. Joho lilipepea vizuri, upindo ulikuwa umenyooka, ilikuwa kazi safi kabisa. Tano. Kifuniko kikatikisika, kikaanza kurudi, polepole, polepole kuliko kilivyofunguka. Sita. Watu wa mstari wa mbele waliliona shimo, nikasikia mtu akivuta pumzi. Saba. Nane. Ulikuwa umebaki ufa wa kiganja kimoja.

Tisa.

Kiatu kilitua kwenye mbao. Ufa ukajifunga nyuma ya kisigino chake.

Alisimama katikati ya kaburi, juu ya kifuniko, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Alisubiri pumzi ya baridi usoni. Niliona pua yake ikiitafuta. Hakuna. Akahamisha uzito wa mguu mmoja, na mbao ikatoa mlio wa utupu chini yake, mlio ambao sakafu nyingine haina. Hapo akajua yuko wapi. Uso wake ulibadilika mbele ya watu mia sita. Nimemvalisha kwa miaka ishirini na sita, najua sura zake zote za kuigiza hofu. Hii haikuwa mojawapo.

Alikaa kimya muda mrefu mno. Mama Saa alikuwa ameninyakua mkono bila kujua, kucha zake zimeingia. Kisha Jemadari akasema mstari wake, kwa sauti ndogo, iliyopasuka, na ukumbi mzima ukainama mbele ili umsikie. Waliposimama kupiga makofi mwishoni, wengine walikuwa wanafuta machozi.

Redio alimshika mkono kumtoa, akidhani mzee amechoka.

Chumbani nilifunga mlango. Nilianza kufungua vifungo vya joho. Yeye alikuwa baridi, shati limelowa mgongoni.

"Umemwambia nani?" akauliza.

"Mama Saa."

"Uliapa."

"Niliapa, mzee."

"Kwa Mungu."

"Kwa Mungu. Nitamjibu mwenyewe."

Nikamweleza habari ya upindo, yote, tangu kupiga magoti hadi pasi. Aliinama, akashika ukingo wa joho, akaupapasa mshono, kisha akaweka vidole vyake kando ya vyangu akipima. Kisha akaniegemea kwa uzito wake wote. Nilimshikilia kama unavyomshikilia mtoto mwenye homa.

"Sikuwa naogopa kufa," akasema. "Naogopa kile chumba. Niwe mzee anayekaa kwenye kiti na kuambiwa nje kuna nini."

Nilisema sala yangu kimyakimya, nikagundua kwamba hainifai tena, maana alikuwa amekwisha kurudishwa.

Mama Saa aliingia bila kubisha. Alivua hedifoni shingoni.

"Mwongozaji nimemwambia mota imekwama. Anamtafuta fundi amle nyama. Ni uongo wangu wa kwanza katika ukumbi huu, mzee, na sina wa pili. Kesho saa tisa tunacheza tena, na shimo linafunguka. Ama uwe umesema, ama usiwepo."

"Asante," Jemadari akasema.

"Usinishukuru. Nilisema nenda. Unasikia? Nilikuwa nimeshaambiwa, na bado nikasema nenda." Akatoka haraka.

Kabla mlango haujafungwa, binti yake aliusukuma, maua kwapani, simu mkononi, uso wote unang'aa.

"Baba! Ulinitisha! Pale ulipokaa kimya nilidhani moyo umesimama. Watu wanalia huko nje. Nimekupiga picha, najua hairuhusiwi, nimejificha kama wanafunzi wangu. Tazama."

Nikainuka kuwaachia nafasi.

"Kaa, Sindano," Jemadari akasema.

Binti aliweka simu mbele ya uso wa baba yake. Nilijua jambo hili linavyokwenda. Nilikuwa nimeliona mara nyingi: angeinamisha kichwa kidogo, angekunja paji la uso, angesema imetoka vizuri, nitumie. Nilimwona akianza. Kichwa kiliinama. Paji la uso likakunjamana. Kisha vyote vikalegea, na uso uliobaki ulikuwa wa mzee mmoja mwenye poda shingoni, aliyeogopa.

"Mama," akamwambia binti yake, "sioni."

"Ngoja niongeze mwanga."

"Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza wote," akasema Jemadari. "Bado sitaona."

Kidole cha binti kiliendelea kuteleza juu ya kioo, kikafika mwisho, kikasimama. Simu ilikuwa inawaka kama taa kati yao. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, halafu taratibu akaisogeza simu kushoto, kulia, kushoto tena, na macho ya baba yake yakabaki pale pale.